Zahabu ya Ituri ndani ya soko la Brussels

Wandugu, ukifika Brussels leo unaweza kutembezwa ndani ya jumba la zamani la bursi, ni kusema soko la hisa, lililofunguliwa 1873. Siku hizi mna hata makumbusho ya bia! Mimi ningemuuliza kiongozi swali moja tu: hisa za Kilo-Moto zilikuwa zinaitwa bei upande gani wa ukumbi? Zahabu ile ilionekana huku kwetu Ituri 1903, na 1926 migodi ikageuzwa shirika la hisa. Vijana walipelekwa kuchimba kwa nguvu. Mie mtu wa kilimo sisahau wengine: wanakijiji waliolazimishwa kulima chakula cha kambi. Wao hawakupata karatasi hata moja. Na mpaka leo Kongo haina bursi yake.