Uhuru wa Kongo katika Kivu

Uhuru wa Kongo katika Kivu ni mpito wa jimbo la Kivu kutoka utawala wa Ubelgiji hadi uhuru wa Juni 30, 1960. Makao makuu ya jimbo yalikuwa Bukavu, zamani Costermansville.

Ubelgiji ilitwaa Kongo mwaka 1908 kutoka mikononi mwa mfalme Léopold II, na kwa takriban nusu karne wenyeji hawakuwa na kura. Kilichoigusa Kivu zaidi ni ardhi. Kuanzia 1928 Kamati ya Kitaifa ya Kivu iligawia walowezi mashamba makubwa. Kuizunguka Miti, katika Kabare, kaskazini mwa Bukavu kwenye njia ya Kavumu, mashamba ya chai na kwinini yalipakana na migomba ya Wabashi.

Kura ilikuja kwa kuchelewa, na ya mitaa tu: Léopoldville na Elisabethville 1957, kisha Bukavu 1958. Mwaka huohuo chama cha CEREA kilianzishwa Bukavu. Anicet Kashamura alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Baada ya ghasia za Léopoldville, Januari 4, 1959, mfalme Baudouin aliahidi uhuru bila kutaja tarehe. Tarehe ilipangwa Brussels mwanzoni mwa 1960, katika mkutano wa Meza ya Duara. Kati ya makubaliano hayo na uhuru palikuwa na takriban miezi mitano, muda mfupi mno kuandaa maofisa wa kuongoza nchi.

Kashamura akawa waziri wa habari katika serikali ya waziri mkuu Patrice Lumumba.