Ng'ombeni na Ng'ambwa: Kwa nini ritifaa na alama ya & hukwamisha faili za XML

Kisiwani Pemba kuna shehia ya Ng'ombeni, wilaya ya Mkoani, na shehia ya Ng'ambwa, wilaya ya Chake Chake. Majina haya yana ritifaa, ile alama ndogo inayokaa baada ya "ng". Kwa msomaji ni kitu kidogo tu, lakini kwa kompyuta kinaweza kufanya orodha nzima igome kufunguka.

Wengi huamua kuifuta na kuandika "Ngombeni". Faili linafunguka, lakini jina si lile tena. Ritifaa si pambo: kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, ngoa ni tamaa au wivu.

XML ni nini?

Ni utaratibu wa kuandika taarifa katikati ya alama za kufungua na kufunga, ili programu tofauti ziweze kuzisoma. Shirika la W3C lilipitisha kanuni zake Februari 10, 1998.

Huenda unaitumia kila siku bila kujua. Faili za Word na Excel zenye mwisho wa .docx na .xlsx zimebeba XML ndani yake. Fomu za ODK, zinazokusanya taarifa kwa simu, nazo zimejengwa kwa XML.

Kanuni zake ni kali. Kisomaji kikikuta kosa la uandishi lazima kisimame, hakiruhusiwi kukisia. Basi jina moja tu linaweza kuzuia majina elfu moja yanayofuata.

Alama tano na mbadala wake

- & huandikwa &amp;
- < huandikwa &lt;
- > huandikwa &gt;
- " huandikwa &quot;
- ' huandikwa &apos;

Mbili za mwanzo ndizo korofi zaidi. Alama ya & humwambia msomaji kuwa mbadala unaanza, na < humwambia kuwa alama ya kufungua inaanza. Duka likisajiliwa kwa jina la mfano "Hamadi & Wanawe", faili litakwama hapo hapo. Viungo vya intaneti navyo huwa na & nyingi, kwa hiyo ukivibandika ndani ya XML vilivyo, matatizo ni yale yale.

Ritifaa huleta shida wapi?

Si kila mahali. Hii haina kosa:

<shehia>Ng'ombeni</shehia>

Na hii pia haina kosa:

<shehia jina="Ng'ombeni"/>

Hii ndiyo mbovu:

<shehia jina='Ng'ombeni'/>

Hapa kompyuta inadhani jina limeishia kwenye "Ng", halafu inashangaa "ombeni" imetoka wapi. Dawa ni kutumia alama za kunukuu mbili, au kuandika Ng&apos;ombeni.

Watengenezaji wa programu za Android wana kanuni yao nyingine: kwenye faili la maneno ya programu, ritifaa hutanguliwa na mkwaju wa nyuma, yaani Ng\'ombeni.

Ritifaa iliyopinda

Word na baadhi ya kibodi za simu hubadilisha ' kuwa ’. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti: ya kwanza ni U+0027, ya pili ni U+2019. Matokeo yake, shehia moja huonekana mara mbili kwenye orodha, na anayetafuta kwa namna moja hapati walioandikwa kwa namna nyingine.

Kuna shida nyingine. Faili likihifadhiwa kwa mfumo wa zamani wa Windows huku kichwa chake kikidai ni UTF-8, ritifaa iliyopinda huwa baiti batili na kisomaji husimama. Kinyume chake, faili la UTF-8 likisomwa kwa mfumo huo wa zamani, hutokea Ng’ombeni.

Cha kufanya

1. Soma namba ya mstari kwenye ujumbe wa kosa. Angalia pia mstari wa juu yake, maana wakati mwingine kosa lilianzia huko.
2. Hifadhi faili kwa UTF-8, na kichwa chake kiseme hivyo hivyo.
3. Chagua ritifaa ya aina moja, mfano ', na ubadilishe nyingine zote kabla ya kuingiza majina.
4. Iachie programu ya kuandika XML iweke mbadala yenyewe. Ukibadilisha & kwa mkono mara mbili utapata &amp;amp;, na jina litaharibika.
5. Usifute ritifaa ili faili lipite. Anayetafuta jina lake baadaye ataliandika kama lilivyo kwenye cheti chake, na mfumo utamjibu kuwa hayupo.