Chikungunya: homa iliyoikumba Lamu mwaka 2004, na ilikokwenda baadaye

Chikungunya ni homa ya kirusi kinachobebwa na mbu. Jina lake si la Kizungu, na si la Kiswahili pia, ingawa vitabu kadhaa vya ng'ambo vimeandika hivyo. Ni la Kimakonde, kutokana na kitenzi chenye maana ya kujikunja au kupinda, kwa vile mgonjwa hutembea ameinama kwa maumivu ya viungo. Maradhi haya yalizuka mwaka 1952 katika uwanda wa Wamakonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika. Daktari Marion Robinson na mwenzake W. H. R. Lumsden waliyaeleza kitaalamu mwaka 1955, wakaliacha jina kama walivyolisikia kwa wenyeji.

Lakini huenda pwani yetu iliyajua maradhi haya zamani zaidi, kwa jina jingine. Wazee walikuwa na neno kidingapopo. James Christie, daktari Mskochi aliyefanya kazi Unguja, aliandika habari za mlipuko wa mwaka 1870 na akataja kwamba wazee wa huko waliukumbuka mwingine wa mwaka 1823 hivi. Yeye alilisikia jina hilo kama kidinga pepo, na wapo wataalamu wanaoona kwamba neno dengue linalotumika duniani leo lina asili hapo. Leo kamusi husema kidingapopo ni dengue. Hata hivyo, mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alizipitia upya habari zile za zamani akaonyesha kwamba maumivu makali ya viungo yaliyodumu muda mrefu baada ya homa yanafanana zaidi na chikungunya. Kwa hiyo inawezekana dunia ilichukua neno letu ikalibandika kwenye ugonjwa mwingine.

Tuje Lamu. Mlipuko ulianza Mei 2004, ukafika kilele wiki ya kwanza ya Julai, kisha ukapungua. Wagonjwa walioandikwa walikuwa 1,300 hivi, katika kisiwa kilichohesabiwa kuwa na watu 18,000. Huku kwetu homa yoyote huitwa malaria kwanza, na anayepona hurudi kazini bila kujua alichougua. Ndiyo maana idadi ya daftarini ilikuwa na shaka tangu mwanzo.

Oktoba mwaka huohuo, Kibet Sergon na wenzake walifanya uchunguzi wa kujua ukubwa halisi wa jambo lile. Hawakungoja wagonjwa waje. Walichagua wakazi kwa utaratibu maalumu, wakawauliza maswali na kuchukua damu ya watu 288. Katika damu hiyo walitafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda dhidi ya kirusi fulani. Ziko za aina mbili zinazohusika hapa. IgM hutokea mapema na hutoweka baada ya miezi kadhaa. IgG huchelewa kidogo lakini hubaki miaka mingi. Walikuta IgM kwa watu 53 na IgG kwa watu 206, na waliokuwa na moja au zote mbili walikuwa 215. Hiyo ni asilimia 75. Ukiipeleka kwenye watu 18,000 unapata kama 13,500. Yaani kwa kila mtu aliyeandikwa, walikuwapo wengine tisa hivi ambao hawakuandikwa popote.

Ni kweli kwamba IgG peke yake haisemi mtu aliambukizwa mwezi gani. Lakini ukiiweka pamoja na zile IgM 53, na kumbukumbu ya mji mzima kulala kwa homa, ni vigumu kupata maelezo mengine.

Kwa nini mwaka ule? Wengi wetu tumezoea kwamba mbu ni wa masika, na mvua ikikatika na mbu hupungua. Hapa mambo yalikwenda kinyume. Jean-Paul Chretien na wenzake walipima mvua na joto la pwani kwa kutumia setilaiti, na mwaka 2007 wakachapisha kwamba milipuko ya Lamu na Mombasa ya mwaka 2004 ilitanguliwa na ukame na joto lisilo la kawaida. Mbu anayehusika, Aedes aegypti, si mbu wa madimbwi. Anapenda maji safi yaliyotuama karibu na watu: mtungi, pipa, birika, tangi lisilofunikwa, hata kifuu cha nazi kilichosahauliwa uani. Ukame ukizidi, watu huweka maji mengi zaidi ndani, na vyombo hukaa siku nyingi bila kumwagwa wala kusuguliwa kwa kuwa hakuna anayetaka kupoteza maji. Joto nalo humfanya mbu akue upesi, na kirusi kizaane upesi ndani yake.

Isisomwe kama lawama kwa akina mama wa nyumbani. Mji unaotegemea visima vya mchanga wa Shela hauna budi kuweka akiba. Tena wajenzi wa nyumba za kale za Lamu walilifikiria jambo hili kabla ya maabara yoyote. Katika birika la chooni waliweka samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini wakajengea bakuli la kauri ya Kichina ili maji yakipungua samaki wapate pa kujistiri. Watalii hupiga picha bakuli lile wakidhani ni pambo tu.

Kutoka hapa homa ilifuata njia ya jahazi. Mombasa ilishikwa mwishoni mwa 2004. Mapema mwaka 2005 ilikuwa Ngazija, ambako uchunguzi wa damu wa namna ileile ulikadiria asilimia 63 ya watu wameambukizwa, yaani 215,000 hivi. Baadaye Mayotte, kisha Réunion, ambako mpaka mwaka 2006 watu wapatao 266,000 walikuwa wameugua, zaidi ya thuluthi ya wakazi. Mwaka 2006 India ilihesabu walioshukiwa zaidi ya milioni moja na laki tatu. Mwaka 2007 homa ikatokea vijijini Italia, kaskazini.

Kariuki Njenga na wenzake walisoma chembe za urithi za kirusi cha Lamu na cha Komoro, na mwaka 2008 wakachapisha kwamba vinafanana mno. Kilichobadilika ni baadaye. Réunion hakuna Aedes aegypti wengi. Aliyejaa kule ni binamu yake, Aedes albopictus, mwenye milia meupe. Katika protini moja ya ganda la kirusi, nafasi ya 226, asidi-amino moja iliondoka ikaingia nyingine. Badiliko hilo dogo lilikiwezesha kirusi kumwambukiza mbu yule kwa urahisi mkubwa. Kirusi cha Lamu hakikuwa nalo.

Kwa mgonjwa, dalili huanza kwa kawaida siku 4 hadi 8 baada ya kuumwa na mbu: homa ya ghafla, kichwa, vipele, na viungo vya mikono na miguu kuuma sana. Wengi hupona ndani ya wiki, lakini wengine viungo huwauma miezi, hata miaka. Vifo ni vichache, hasa wazee na wenye maradhi mengine. Réunion ilionyesha pia kwamba mama mwenye homa wakati wa kujifungua anaweza kumwambukiza mtoto. Dawa ya kukiua kirusi hakuna. Hutolewa parasetamoli na maji ya kunywa kwa wingi, na aspirini huepukwa mpaka ihakikishwe si dengue, kwa hofu ya kutoka damu. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, lakini Agosti 2025 leseni yake huko ilisimamishwa kwa sababu ya madhara makubwa yaliyoripotiwa. Ya pili iliidhinishwa mwaka huohuo wa 2025.

Aliyeugua mara moja huaminika kuwa na kinga ya muda mrefu. Lakini kijana wa Lamu aliyezaliwa baada ya 2004 hakuipata kinga ile, na vijana hao sasa ni wengi mjini. Réunion, iliyotulia miaka mingi, ililipukiwa tena mwaka 2025. Mombasa nayo iliugua tena mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018.

Jambo moja la vyombo vya maji halisemwi vya kutosha. Mbu huyu hatagi mayai majini, huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja kujazwa. Kumwaga maji pekee hakuyaondoi. Yanaondoka kwa kusuguliwa, na kwa kuwa mbu huchukua wiki moja hadi mbili kutoka yai mpaka kuruka, chombo kisuguliwe kila wiki na kifunikwe mchana na usiku, maana huyu huuma mchana.