Mtoto Mzito na Jina la Ziwa

Nilizaliwa Kisumu nikiwa na kilo 4.6. Nyanyangu alipenda kusimulia vile mamangu alihangaika usiku na mchana hadi akapasuliwa, na kila mara alimalizia hivi: "Si alikula kupita kiasi!" Mamangu alikuwa akinyamaza tu.

Lawama hii ni ya zamani. Mwaka 1817, Charlotte, mjukuu pekee halali wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, alikuwa mjamzito akiwa na miaka 21. Madaktari wake, wakiongozwa na Richard Croft, walimpunguzia chakula na kumtoa damu, ati mtoto asikue mno. Wakamdhoofisha mama bure.

Uchungu ulianza usiku wa Novemba 3, ukachukua takriban saa 50. Koleo za kumvuta mtoto zilikuwepo, lakini Croft hakuzitumia. Madaktari wengi wa siku hizo waliziogopa. Kupasuliwa nako kulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Usiku wa Novemba 5 mtoto wa kiume alitoka amekufa, ana ratili 9, yaani kilo 4 hivi. Saa chache baadaye Charlotte naye akafa. Watu walimlaumu Croft, na Februari 1818 akajipiga risasi.

Ufalme ukabaki bila mrithi wa kizazi kile. Ami zake Charlotte wakakimbilia kuoa. Mmoja wao, Edward, alioa 1818, na Mei 1819 akapata binti, Victoria. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwenye maji ambayo Wajaluo huyaita Nam Lolwe, akayabandika jina la malkia huyo. Mtoto ambaye hakulia hata mara moja ndiye aliyefungua njia ya jina hilo.

Mwaka jana nilimsimulia mamangu kisa hiki tukila samaki pale Dunga, ziwa likiwa mbele yetu. Aliniuliza jambo moja tu: "Kwani huyo naye walimnyima chakula?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamweleza pia kwamba leo tunajua mtoto anaweza kuwa mkubwa kwa sababu ya kisukari cha mimba, urithi wa wazazi, au mimba kupitisha siku zake.

Akaweka chini kipande cha ugali. "Mimi hakuna aliyenipima sukari," akasema. "Walinisema tu."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akijitetea.