Visu vya Sheffield na vifua vya wanoaji

Wiki hii ni mapinduzi ya viwanda Uingereza, na kama kawaida kila mtu kakomaa na Manchester na pamba. Mimi nimeng'ang'ania visu.

Sheffield ilikuwa na jina kwa visu tangu enzi za Chaucer, karne ya 14, na chama cha mafundi wake kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624. Kufikia miaka ya 1830 walikuwa wanawauzia Wamarekani visu vikubwa vya Bowie. Mipini mingi ilikuwa ya pembe za sambar, mnyama wa misitu ya India. Pembe yake si kama ya ng'ombe au swala: ni mfupa mtupu, inadondoka, inaota nyingine, hivyo unaweza kuiokota tu porini. (Pembe za ndovu nazo walizitumia, na hizo hazidondoki. Waulizeni Unguja ya karne ya 19.)

Kisu kimoja kilipita mikono ya watu watatu. Mhunzi alifua chuma kwenye fuawe, mnoaji akakitoa makali kwenye jiwe linalozunguka, fundi mwingine akafunga mpini. Sifa zote tunampa mhunzi na nyundo yake. Aliyeumia zaidi ni yule wa katikati.

Mnoaji alishinda ameinamia jiwe la mchanga, pua kwenye vumbi. Wao waliita pumu ya wanoaji, leo tunaita silikosisi. Daktari Arnold Knight wa hapohapo Sheffield alisema wanaonoa kwenye jiwe kavu hawavuki sana miaka 35, wa jiwe lenye maji 45. Engels alimnukuu kwenye kitabu chake cha 1845. Duh, 35!

Tena miaka ya 1820 J. H. Abraham alishatengeneza kifaa cha sumaku cha kunasa vumbi la chuma. Wanoaji wakakigomea. Engels anasema waliogopa kwamba kazi ikiwa salama watu watajazana, na ujira utashuka. Kwenye seminari watu walicheka, eti ujinga. Mi sikubali. Jamaa analipwa kwa idadi ya visu, ana watoto, hesabu yake kwa mfuko ilikuwa sawa kabisa. Halafu sumaku hainasi vumbi la jiwe, na hilo ndilo lililokuwa linaua.

Nafuu ya kweli ilikuja karne ya 20, magurudumu ya kutengenezwa kiwandani yalipochukua nafasi ya jiwe la mchanga.