KIKAO CHETU KIMETOKA WAPI?



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha miaka kumi. Watu wanatuuliza, akina mama nyie siri yenu nini? Tunawajibu, ni kikao. Na kikao hiki hatukukibuni sisi, kina historia yake. Wanachama wapya ni vizuri waijue.

Mama zetu walicheza upatu. Mnachanga, mmoja anachukua, basi. Upatu ni mzuri, ila mwenye mgonjwa leo anangoja zamu yake.

Mwaka 1991, nchini Niger, sehemu za Maradi, shirika la CARE lilikaa na akina mama wa vijijini waliokuwa wakichanga vivyo hivyo. Wakaongeza kuweka akiba ya pamoja na kukopeshana. Vikundi vikaitwa Mata Masu Dubara, ni Kihausa, yaani wanawake wenye mbinu. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo kikao ndicho kilikuwa daftari lao. Hesabu ilitajwa kwa sauti, kila mmoja akaishika kichwani. Utaratibu huo ukaenea Afrika, ukafika na huku kwetu Tanzania.

Ndipo tulipopata sanduku lenye kufuli tatu. Funguo wanashika watu watatu, na sanduku analala nalo mwingine. Halifunguliwi ila kwenye kikao.

Hata mpango wa kikao una sababu. Kwanza majina na faini za wachelewaji. Halafu tunaulizana, wiki iliyopita tuliishia shilingi ngapi? Hela inahesabiwa mbele ya macho. Unafuata mfuko wa jamii, hisa, kisha marejesho. Mikopo inakuja nyuma ya marejesho ili tujue kilichomo ndani kabla hatujaahidi mtu. Mwombaji anasimama, anaeleza mkopo ni wa nini. Mwisho salio linatajwa tena, tunafunga.

Sasa kuna wenzetu wanasema tuache kukutana kila wiki, kila mtu atume hela kwa simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008 na imetusaidia sana, hatuipingi. Aliyefiwa au mwenye mgonjwa atume. Lakini ujumbe ule anausoma mweka hazina peke yake. Wengine tutajuaje? Na mwenzetu aliyeshindwa kurejesha, nani atamwona uso wake ajue ana shida nyumbani?

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi kama vyetu, daraja la nne. Ni jambo la heshima. Ila sheria haitakuja kutuhesabia hela zetu, tutazihesabu wenyewe.

Jambo hili litaamuliwa na mkutano mkuu. Tunawaomba mje wote, na mje mapema. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari letu la kwanza ni kikao.

Umoja ni nguvu.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama