FireWire, USB na Safari ya Sauti Hadi Njinjo

Viwango vya kuunganisha vifaa kwenye kompyuta, yaani kanuni zinazoeleza umbo la tundu, idadi ya nyaya na namna data inavyopita, hubadilika haraka kuliko sauti yenyewe, kwa kuwa sikio la binadamu halijaongezewa uwezo tangu kaseti ilipoingia sokoni mwaka 1963, ilhali kompyuta imekwisha kubadilishiwa matundu mara kadhaa. Ubishi kuhusu kupitwa na wakati kwa viwango vya zamani katika kazi ya sauti hauwezi, basi, kuamuliwa kwa kasi pekee. Aghalabu wabishi huchanganya maswali mawili: kama waya unatosha kubeba sauti, na kama kompyuta ya leo bado inautambua.

Kiwango kilichobishaniwa zaidi ni IEEE 1394, ambacho Apple ilikiita FireWire na Sony ikakiita i.LINK. Kilipitishwa mwaka 1995, kikiweza kubeba hadi megabiti 400 kwa sekunde, wakati USB 1.1 iliyokuja mwaka 1998 ilikomea megabiti 12. Megabiti moja ni biti milioni moja, na biti ni ile sifuri au moja ambayo kompyuta huandikia kila kitu. Njia moja ya sauti, yaani mkondo wa maikrofoni moja, ikichukuliwa sampuli 48,000 kila sekunde na kila sampuli ikaandikwa kwa biti 24, huhitaji megabiti 1.152. Kikundi cha ngoma chenye maikrofoni 8 kinahitaji, kwa hesabu hiyo, megabiti 9.2, mzigo ambao USB 1.1 haikuumudu, kwani mkondo wake mmoja wa sauti haukuruhusiwa kuvuka takriban megabiti 8. Ndiyo sababu saundi kadi za nje (vifaa vinavyogeuza sauti ya maikrofoni kuwa data) zenye njia nyingi, mfano MOTU 828 ya mwaka 2001, zilijengwa juu ya FireWire.

USB 2.0, iliyotolewa Aprili 2000 ikiwa na megabiti 480, iligeuza hesabu hiyo, kwa maana maikrofoni zilezile 8 hutumia chini ya asilimia 2 ya uwezo wake. Watetezi wa FireWire walijibu kwamba kifaa chao huandika data moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta bila kuisumbua prosesa, ilhali kifaa cha USB husubiri kuitwa na kompyuta. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, lakini uzito wake ulitiwa chumvi. Ucheleweshaji, yaani muda kati ya kupigwa kwa ngoma na kusikika kwake kwenye hedifoni, hutegemea zaidi idadi ya sampuli ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzishughulikia. Sampuli 128 huchukua milisekunde 2.7, muda ambao sauti husafiri hewani chini kidogo ya mita moja. Mpigaji aliyesimama hatua tatu kutoka kwa mwenzake huvumilia ucheleweshaji mkubwa zaidi ya huo kila siku, na ngoma haiharibiki.

Njinjo, kata ya bara ya wilaya ya Kilwa katika barabara itokayo Nangurukuru kwenda Liwale, ni mahali pazuri pa kuupima ubishi huu, kwa sababu huko swali la kwanza la mwenye kurekodi ngoma uwanjani ni umeme. Tundu la FireWire lenye pini 6 hupitisha umeme wa kuendesha saundi kadi, lakini kompyuta mpakato nyingi za Windows ziliwekewa tundu dogo la pini 4 lisilopitisha umeme wowote, hivyo fundi alilazimika kubeba betri au kuwasha jenereta, ambayo muungurumo wake huingia kwenye maikrofoni ileile iliyotegwa kwa ajili ya ngoma. USB 2.0 hutoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5 tu, lakini saundi kadi ndogo ya maikrofoni mbili huridhika nazo. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, saundi kadi inayofuata kanuni za jumla za USB huweza pia kuchomekwa kwenye simu kwa OTG, kile kipande kifupi cha waya kinachoiwezesha simu kupokea flashi. Na sabufa inayopigia nyimbo za flashi harusini hudai kidogo zaidi: wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde ungepita katika ile USB 1.1 ya mwaka 1998 makumi ya mara kwa wakati mmoja.

FireWire, kwa hiyo, haikushindwa kubeba sauti. Ilipoteza soko, na ada ya dola 1 kwa kila tundu ambayo Apple iliidai mwanzoni, kabla ya kuipunguza, haikuwavutia waundaji wengine wa kompyuta. Apple yenyewe iliiondoa kwenye MacBook ya Oktoba 2008, jambo lililozusha malalamiko makubwa, na mwaka 2025 mfumo endeshi wake wa macOS Tahoe ukaacha kabisa kuitambua. Tangu hapo saundi kadi nzima, isiyo na hitilafu yoyote, haina kazi mbele ya Mac inayotumia mfumo huo.

Hasara kubwa zaidi imo katika kanda za MiniDV, ambazo wapiga video wa harusi walizitumia sana miaka ya 2000 na ambazo picha na sauti zake hutolewa kwenye kamera kwa waya huohuo wa FireWire. Katika mfumo endeshi wa Linux, msimamizi wa sehemu inayohudumia FireWire ametangaza mpango wa kuitunza hadi mwaka 2029. Mwenye kanda hizo kabatini, awe Njinjo, Kilwa Masoko au Dar es Salaam, atafute kompyuta ya zamani yenye tundu hilo na azihamishe sasa, wala asiisasishe kompyuta hiyo kabla ya kumaliza.